Anayepanda Hafukii

Mimi ni mtu wa haraka, sifichi. Hata chai huinywa ikiwa bado inachoma, kisha nalalamikia ulimi. Ndiyo maana asubuhi ile, nikiwa chumbani kwangu Tuwan, hapa Kitale, nilibonyeza kabla ya kuangalia.

Nilikuwa nimewatengenezea wafugaji wa kikundi kimoja cha Naitiri programu ya kuwatumia ujumbe kwa simu. Mvua ikiharibu barabara, wanaambiwa: "Leo maziwa hayachukuliwi." Nilitaka kuujaribu ujumbe huo kwa simu yangu tu. Orodha niliyochagua ilikuwa ya kikundi kizima.

Lori la kukusanya maziwa lilifika Naitiri jua likiwaka, barabara kavu, na hakuna hata mtungi mmoja kando ya njia. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa sauti kubwa, akanipigia.

"Niaje! Ati umetupatia likizo? Sasa ng'ombe nani aliziambia?"

Nilicheka, kisha akaniambia mengine. Jumamosi kikundi kilikuwa kinakutana kuamua kama programu itupwe, warudi kupigiana simu mmoja mmoja. Kazi yangu ya miezi mingi ilikuwa inaenda na maji.

Jumamosi hiyo nikaenda mwenyewe kuomba msamaha. Adhabu ilianzia mlangoni: maziwa yaliyobaki yalikuwa yamelala yakachacha, na kila mtu alitaka nionje yake. Kwenye glasi ya nne nilitamani wanitukane tu yaishe.

"Sasa utafanya nini hii maneno isirudi?" mwenyekiti akauliza.

"Nitakuwa makini, mama."

Wakaangua kicheko, kisha mwenyekiti akasema:

"Makini ni ya asubuhi, bana. Jua likipanda imeisha. Kwenu mkipanda mahindi, si mwenye kuweka mbegu ndiye anafukia?"

"Hapana. Anafukia anayefuata nyuma."

"Kwa nini?"

"Aangalie kama shimo lina mbegu."

Nilijisikia nikijibu, nikaona aibu. Nimepanda hivyo tangu utotoni, lakini kwenye kompyuta nilikuwa naweka mbegu na kufukia mwenyewe. Wakanipa msimu mmoja wa kujaribiwa.

Siku hizi ujumbe nikiuandika siutumi. Unamwendea mwenzangu wa kazi aliye Bungoma, pamoja na idadi ya watu watakaoupata, naye ndiye hubonyeza. Wiki ya pili tu alinipigia: "Hii ni jaribio, ama unataka kupatia watu likizo tena?" Nilikuwa nimechagua kikundi kizima, kosa lile lile. Nilimkasirikia dakika moja hivi, halafu nikamshukuru kwa moyo wangu wote.

Juzi mvua ikanyesha kweli, barabara ikawa uji. Nikaandika, mwenzangu akasoma, akatuma. Muda si muda mwenyekiti akapiga.

"Hii imefukiwa na nani?"

"Na mwenzangu, mama."

"Haya basi. Leo hatutoi mitungi."