Maji ya Sabuni kwenye Breki

Nilikuwa nateremka mlima wa Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni. Nikakanyaga breki ya gari letu kuukuu, pedali ikazama hadi chini. Asubuhi ile ilikuwa imeshika vizuri tu. Nikaingiza gia ndogo, nikalibamiza gari kwenye ubavu wa mlima. Likasimama, nami nikavunjika mkono.

Fundi alipofungua alikuta maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki; yalikuwa yamechemka kwa joto la mteremko. Aliyeyatia ni mume wangu, wala hakuniambia.

“Mbona watu wote wanafanya hivyo,” akasema nilipomuuliza.

Jumapili alisimama kanisani kwetu Iringa, akamshukuru Mungu kwa kumponya mkewe na ajali ya ghafla. Waumini wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Kwa hilo tu, niliushukuru mkono uliovunjika.