Dhoruba ya Theluji Niliyoitabiri Nikiwa Gisozi

Kigali mvua ikianza, pikipiki zote husimama. Madereva na abiria hujibanza chini ya paa la kituo cha mafuta, na hakuna anayelalamika. Mimi ndio muda wangu wa kutoka. Siku moja nilimwomba dereva anipeleke moja kwa moja kwenye wingu jeusi lililokuwa limefunika mlima wa pili, nikaone kama litaangusha mvua ya mawe. Akavua helmeti, akanitazama vizuri.

"Mzee, watu yote iko nakimbia mvura, wewe iko naifuata? Sha, ilikuibia kitu?"

Ugonjwa huu tulikuwa nao watatu: mimi, fundi wa makochi pale Gisozi; jirani yangu wa duka, mama anayeuza sponji na vitambaa vya makochi; na mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyekuja kununua kiti akasahau kuondoka. Tulianza na mvua za hapa, kwa sababu vanishi haikauki kwenye unyevu. Kisha simu zikatufungulia ramani za dunia nzima, tukanogewa. Ikifika Desemba, wenzetu wakibishania mpira, sisi tulibishania theluji ya Kanada. Hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa, na hilo halikutupunguzia kelele hata kidogo.

Nakiri mimi nilikuwa shabiki wa dhoruba kubwa. Ramani ya Wamarekani ikionyesha theluji ya sentimita kumi na ya Ulaya ikionyesha arobaini, nilishika ya arobaini nikaitetea hadi sauti ikakauka. Mwalimu alinichoka.

"Wewe hutabiri," alisema. "Wewe unaomba."

Mwaka jana utani ulikwisha. Binti wa jirani yangu anaoka mikate Montreal, na mama yake alikuwa hajamwona kwa miaka mitano. Safari hii alikuwa na tiketi ya kuja Krismasi, siku kumi tu. Wiki moja kabla ya safari, nikaona kwenye ramani mvua kubwa ikipanda kutoka kusini na baridi kali ikishuka kutoka kaskazini. Vyote vingekutana juu ya Montreal siku ile ile ya ndege. Nikakimbilia dukani kwa jirani.

"Dada, uwanja wa ndege utafungwa. Mwambie mtoto aje mapema."

Mwalimu akapinga. Kwa maoni yake dhoruba ingepita kusini na kuishia baharini. Mama akatutazama kwa zamu, mkono juu ya bunda la kitambaa. Siku zote yeye ndiye aliyecheka kwanza. Siku hiyo hakucheka.

"Lakini kaka, uhakika iko?"

"Iko," nikasema. Ukweli ni kwamba uhakika ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa hamu yangu tu.

Binti akamwendea bosi wake, akamweleza kwamba mjomba wake, fundi wa makochi Kigali, ameona theluji inakuja. Bosi alicheka mpaka akamwongezea siku tatu. Binti akabadilisha tiketi, akafika, na mama akafunga duka, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku niliyoitabiria dhoruba, mimi na mwalimu tukafungua kwenye simu kamera ya mtaa mmoja wa Montreal. Jua lilikuwa linawaka. Mtu alikuwa anatembeza mbwa, koti wazi. Mwalimu akaendelea kunywa chai yake taratibu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikapanda pikipiki hadi Busanza, nyumbani kwa mama, kuomba radhi.

Niliwakuta barazani. Binti amekaa chini, amelala kichwa kikiwa kwenye magoti ya mama, na mama anamsuka taratibu.

"Dada, nisamehe," nikanong'ona. "Theluji haikuanguka hata punje."

"Ile ndege ya leo iliruka?"

"Iliruka. Na kwa wakati."

Akatenga fungu jingine la nywele, akaendelea kusuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Kaka, mwakani useme tena inaanguka," akasema polepole, asimwamshe. "Na uanze mapema. Useme wiki mbili mbere."