Sahani ya Zulfa

Muuguzi Palmira hakumzungusha Mwanaharusi: moyo umechoka, dawa anywe, vizito asibebe, na kama ana jambo lililo muhimu kwake, asilingojeze. Mtu mwingine angelia. Mwanaharusi alirudi nyumbani kwake Palma amechangamka kama aliyealikwa harusi, maana sasa alikuwa na ruhusa ya hospitali kufanya kazi aliyoipenda kuliko zote: kuandaa mazishi yake.

Na aliyaandaa, masikini! Sanda ilikunjwa, ikakunjuliwa, ikakunjwa tena. Ubani, marashi, mchele wa hitima, mikeka mipya ya kukalia waombolezaji, vyote vikarundikwa chumbani. Mwenyewe akalala kwenye mkeka uliotoboka, kwani mipya ni ya wageni. Kanga zake nzuri akaziweka zije zigawiwe akishakufa, wapendeze wengine. Majirani walikuja kumjulia hali, wakamshika mkono kwa huruma huku macho yao yakikagua mikeka. Walimwengu hao!

Jambo moja tu lilimkosesha usingizi, nalo ni Zulfa, mdogo wake, aliyeolewa ng'ambo, Mikindani. Siku ya hitima ya mama yao, Zulfa alikwama njiani, akafika watu wanakula. Mwanaharusi, bingwa wa kugawa sahani, akampakulia ukoko mtupu. Mbele za watu! Zulfa akavuka Ruvuma bila kuaga, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi ukoo mzima ulishalima, ukapalilia na kuvuna, na hawa wawili bado wamenuniana.

"Sikiliza, Nafisa," alimwambia mkwewe, aliyekuwa anapara samaki uani. "Siku ya hitima yangu, Zulfa apakuliwe wa kwanza. Nyama ya paja, mchuzi mzito. Ale mpaka ajute kuninunia."

"Sawa, mama."

"Na umkalishe kwenye mkeka mpya."

"Sawa, mama. Na akisema amekusamehe, nimjibu nini?"

"Mwambie nimefurahi."

Nafisa akaweka kisu chini. "Mama, nisamehe. Nitamwambia umefurahi, na wewe umeshafukiwa? Huo wali ataula yeye, maneno atayasema yeye, machozi yake mwenyewe. Wewe utapata nini?"

Mwanaharusi akamwita mkosa adabu, akauliza alilelewa na nani, akaingia chumbani na kuubamiza mlango. Akakaa juu ya gunia la mchele, akalia. Alimtaka mdogo wake, basi. Alitaka kumsikia akicheka, kile kicheko chake cha kelele kilichokuwa kikimuudhi mama yao. Shughuli yote ile aliisuka mwenyewe, na katika watu wote wa Palma, yeye peke yake ndiye ambaye hangekuwepo.

Kulipokucha gunia likafunguliwa. Harufu ya wali wa nazi ilipotambaa mtaani, majirani wakaja mbio na kanga vichwani, wakijua mambo tayari. Wakamkuta marehemu anakoroga mchuzi.

"Poleni kwa usumbufu," akawaambia. "Rudini tu. Siku ikifika mtaitwa."

Alivaa doti mpya kabisa, akajipaka marashi ya maiti bila haya, wakapanda chapa, daladala ya huko, hadi mtoni, wakavuka kwa mtumbwi, wakapanda gari jingine hadi Mikindani. Sufuria alilibeba Nafisa. Kuhusu vizito, agizo la hospitali lilitiiwa barabara. Kifo alikuwa amekizoea. Alichoogopa ni kufungiwa mlango na mdogo wake.

Zulfa alitoka na unga mikononi. Akamtazama dada yake, akamtazama Nafisa na sufuria lake, akajishika kifua. Pwani hii, ndugu walionuniana hawavukiani mto bila taarifa ila kwa jambo moja.

"Nani kafa, dada?"

Mwanaharusi akamwendea, akajikwaa kizingitini. Zulfa akaruka, akamdaka na kumkumbatia pale pale mlangoni.

"Bado hajafa mtu," Mwanaharusi akasema begani kwake. "Ila nimeona nikingoja uje wewe, sitakuona."