Bibi Harusi wa Dimbwini

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne jioni, jikoni, uji ukitokota. Nilimuuliza binti yangu Mwende, wa gredi ya pili, mbona siku hizi sare inarudi safi, bila hata vumbi. Akasema hatoki nje wakati wa mapumziko. Kuna wavulana wanaomkamata shingoni na kumburura, eti ni bibi yao, kwa hivyo analaza kichwa kwenye dawati na kujifanya amelala. “Nikilala kabisa, mami, wanaendanga.”

Uji ukaungua, na pua yangu ikanusa kitu kingine, cha utotoni: matope na sabuni ya kipande. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, palikuwa na shimo la msingi wa jengo lililoachwa, na mvua za Aprili zililijaza maji. Mama alifulia hapo Jumamosi, nasi watoto tukawinda kereng'ende. Tukiona wawili wameshikana, dume mbele, jike nyuma, tulipiga vigelegele na kuwaimbia nyimbo za harusi. Tulidhani wote wanafurahia. Siku moja nikanyamaza, nikaangalia. Jike alikuja peke yake kutaga, akichovya mkia majini. Dume akamshukia, akamkamata nyuma ya kichwa. Kabla hajamwachilia, dume wa pili akafika. Jike akalowa mbawa, akazama, basi. Jike mwingine alipofukuzwa alijitupa nyasini, miguu juu, kama mzoga. Dume akazunguka, akachoka, akaenda zake. Hapo mzoga ukaamka, ukaruka. Nilimwita mama aone. Alitazama huku akikamua sketi yangu. “Huyo ana akili,” akasema. “Lakini hayo mayai atataga saa ngapi?”

Jumatano asubuhi nilikuwa mbele ya mwalimu wa darasa la Mwende. “Mama Mwende, si ni watoto tu? Wavulana ndivyo walivyo. Hata wanyama, si unaona?”

“Nimewaona, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja.”

Leo juu ya shimo lile pamesimama ghorofa, na sijui kereng'ende walihamia wapi. Wao hawakuwa na pa kushtaki. Mimi ninapo. Niliandika malalamiko rasmi kwa bodi ya shule, nikasimama pale ofisini mpaka yakapigwa muhuri: “Mtoto wangu analala mapumziko yote na hana usingizi. Msimhamishe darasa. Wazuieni wanaomlaza. Anataka kucheza.”