Nilivyomiksi trance na kwaya ya kina mama harusini, tukashushana key hadi bass akaishiwa na sauti

Wakuu, salamu kutoka Ogembo. Hii nimeitoa kwa diary yangu vile ilivyo, hata aibu sijapunguza.

Mimi ni msichana wa Form Three. Niko na haya sana. Mwalimu mmoja ameniita jina la mtu mwingine mwaka mzima na mimi naitikia tu. Lakini nikishika laptop ya kaka yangu yenye software ya DJ, haya inaisha.

Dada yangu Moraa alikuwa anaolewa. Akaniambia, "Nikiingia kwa tenti, muziki ni wako. Ukiniharibia nitakukana mbele ya wageni."

Plan ilikuwa hivi. Kwaya ya kina mama inaimba, Moraa anaingia, mimi naweka trance, ule muziki wa dansi wa kompyuta, chini ya sauti zao.

Msicheke bado. Niliwarekodi na simu: 69 BPM, yaani mapigo 69 kwa dakika. Trance yangu ni 138. Yaani wao wakipiga hatua moja, mimi napiga mbili, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Key yao, yaani ngazi ya sauti wanayoimbia, ilikuwa F minor, nikatafuta trance ya F minor. Nikalala nikitabasamu.

Kosa langu: nilirekodi verse ya kwanza pekee.

Siku ikafika. Moraa amesimama mlangoni na maua. Kwaya ikaanza, nikaleta synth, ile sauti ya kinanda cha trance, pole pole. Wakuu, ilikaa. Hata mpiga picha alitikisa kichwa.

Verse ya pili, kitu kikaanza kuuma masikio.

Kwaya zetu huimba bila kinanda. Wakiendelea, wimbo huteremka kidogo kidogo, kama mtu amebeba kikapu cha majani chai kwa njia ya matope. Hawajui, kwa sababu wanateremka pamoja. Mimi ndio nilibaki juu peke yangu na synth.

Nikajiona mjanja. Nikashusha key ya trance nusu hatua, niwafuate.

Aunty Kwamboka, mwenye kuongoza kwaya, akasikia muziki umeshuka, akadhani wao ndio wako juu. Akawaonyesha na mkono: chini. Wakashuka. Nikawafuata. Wakashuka tena.

Kufika verse ya nne tuko shimoni. Mzee Onchiri, mwanaume pekee kwenye kwaya, aliyeitwa kusaidia sauti nzito ya bass, alikuwa anafungua mdomo tu na hakuna kitu kinatoka. Kina mama sasa wananguruma. Moraa amesimama katikati ya zulia, ananiangalia.

Nikakata synth yote. Nikaacha kick na hi-hat, yaani midundo ya ngoma tupu. Hizo hazigombani na key ya mtu.

Aunty akavuta pumzi, akaanzisha upya, juu kabisa. Kick ikawashikilia. Moraa akacheza hadi kwa kiti chake.

Baada ya chakula Aunty akanijia.

"Wewe, nani alikutuma utushushe?"

"Aunty, nyinyi ndio mlianza."

Miaka kumi na sita sijawahi kumjibu mtu mkubwa. Akaangalia laptop.

"Hiyo kitu inajua tukiteleza?"

"Inajua."

"Basi Jumatano saa kumi, mazoezi. Utakaa mbele. Tukiteleza unatuambia. Hata mimi."

Nilichojifunza: ukimiksi na kwaya, rekodi hadi verse ya mwisho, na wakiteleza usiwafuate.

Sasa nisaidieni. Unamwambiaje Aunty mbele ya kwaya yake kwamba yeye ndiye anateleza? Andikeni hapo chini, na muandike kabla ya Jumatano.