Kiingereza cha Dada

Harufu ya sabuni mpya katika duka hili la Gitega inanirudisha Butihinda, kule Muyinga, siku zile tulipotoka ukimbizini Tanzania. Dada yangu mkubwa alipika sabuni za mawese, akiota kuziuza hadi ng'ambo ya mpaka. Huku akikoroga sufuria, alinifundisha Kiingereza cha biashara alichokiokota kambini.

“Kapitali?”

“Mtaji.”

“Patna?”

“Mshirika.”

“Ndiyo wewe huyo,” alisema akicheka.

Mvua zilipoanza, malaria ilimlaza mkekani. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akaninong'oneza, “Profiti ni nini, mdogo wangu?”

Nilijua ni faida. Nikasema nimesahau, ili apone anifundishe tena.

“Basi, kesho,” alisema, akafumba macho.

Jioni haikumkuta.