Mashine Iliyogoma Kuhama

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu alishasema zamani kwamba mdomo huu siku moja utanipeleka pabaya, nami nikawa nacheka. Safari ile ulinipeleka Kibosho, kwenye barabara ya mawe matupu, nikiwa nimevaa viatu vya ofisini.

Nafanya kazi ya kompyuta kwenye hospitali moja mjini Moshi. Kazi yenyewe haionekani. Kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi tuna seva tatu, na ndani yake zinaishi kompyuta nyingine zaidi ya ishirini zisizo na mwili. Tunaziita mashine pepe. Moja ni ya maabara, nyingine ya dirisha la dawa, nyingine ya mapokezi. Zote zimepanga kwenye vyuma vile vitatu, na kuna programu moja ya usimamizi inayojua nani anakaa wapi. Sasa vyuma vilikuwa vimechoka, na programu ilikuwa ya toleo la zamani mno, isingeelewana na seva mpya tulizoagiza. Nikapewa mimi kazi ya kupanga namna ya kubadilisha vyote bila hospitali kusimama.

Niliipenda ile kazi, acha niseme ukweli. Wiki nzima nilikaa na jedwali langu. Kwanza nakala ya kila kitu, halafu programu ya usimamizi, halafu seva moja moja: wapangaji wa seva ya kwanza wanahamia kwa jirani huku wanaendelea na kazi zao, tunatoa ile kuukuu, tunaweka mpya, wanarudi. Kila mashine niliipa mstari wake na rangi yake. Kijani, inahama. Njano, iulizwe kwanza. Nyekundu ilikuwa moja tu. Iliitwa MAMA, na hakuna aliyejua inafanya nini, basi pembeni nikaandika: izimwe.

Siku ya kuwasilisha mpango, mzee wetu alikuwepo. Yeye ndiye aliyezifunga zile seva kwa mikono yake, na wiki ile ilikuwa ya mwisho kabla hajastaafu. Alinyoosha mkono akasema MAMA tusiiguse. Nikamuuliza inafanya nini. Akaanza kueleza kwa mwendo wake ule wa polepole, kwamba zamani kuna nesi alimfuata na shida, na shida yenyewe ilikuwa hivi. Mkuu wetu alikuwa anaangalia saa, na mimi nilikuwa bado na kurasa nane.

"Mzee, hapa tunajenga mfumo," nikamkatiza. "Hatutunzi makumbusho."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakununa. Alichukua kikombe chake cha chai akatoka, na kwenye sherehe ya kumuaga hakutokea. Keki tuliila wenyewe. Nikajiambia wazee ndivyo walivyo, nikarudi kwenye jedwali langu.

Miezi mitatu baadaye seva mpya zikafika. Programu ya usimamizi ilipanda toleo jipya bila kelele, nikatembea kifua mbele siku nzima. Kesho yake nikaanza majaribio ya kuhamisha. Maabara ikahama, mapokezi yakahama, dirisha la dawa likahama na foleni hata haikujua. MAMA nikataka kuisogeza tu kwa muda, maana siku ya kuizima ilikuwa haijafika. Ikagoma. Maandishi kwenye kioo yalisema imefungwa kwenye kifaa kilichochomekwa kwenye seva yenyewe.

Nikapiga magoti nyuma ya kabati la seva na tochi ya simu. Nikakuta modemu ndogo, ile ya kuweka laini ya simu, imebandikwa plasta ya kidonda. Juu ya plasta, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mzee: USICHOMOE, TAFADHALI.

Hiyo tafadhali ndiyo iliyoniuma. Ningeweza kuchomoa, jedwali lilisema izimwe, na jedwali lilikuwa langu. Lakini laini ya simu maana yake kuna watu upande wa pili, na mimi Jumamosi ya wiki ile ndiyo niliyoipanga iwe siku ya kuitoa seva hiyo. Neno la siri la MAMA alikuwa nalo mzee peke yake. Nikampigia, hakupokea. Nikampigia tena, kimya. Nikajua hapa hakuna namna, lazima nipande mwenyewe hadi kwake Kibosho.

Kwetu mlimani, ukimkosea mtu mzima unachukua jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hawezi kukufukuza, hata kama bado ana hasira na wewe. Hayo nayajua tangu utoto. Ila mimi na haraka zangu, nilikuja kukumbuka isale nikiwa nimeshafika kwake. Nikaangaza huku na huku, nikaona masale yamejipanga njiani, mazuri, ya kijani kabisa. Nikachuma moja, nikalifunga fundo, nikapiga hodi.

Alikuwa kibarazani anachambua kahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikapiga goti nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akalitazama. Akatazama mpaka wa shamba lake, pale kwenye masale. Akalitazama tena jani.

"Binti," akasema, "unaniomba msamaha kwa isale langu mwenyewe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kujieleza, maneno yakagongana mdomoni, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Mzee alikuwa anacheka, anafuta machozi kwa kiganja, akamwita mkewe aje amwone mwizi aliyekuja kutubu na mali ya wizi. Mkewe naye akanicheka hadi akashika nguzo, kisha akaniletea bakuli la mtori wa ndizi. Jani mzee alilichukua, akalitia mfuko wa shati. Neno makumbusho hatukulitaja tena.

Akanieleza, na safari hii sikumkatiza. Zamani nesi wa kliniki ya sukari alimlilia kwamba kina mama wa huku mlimani wanasahau dawa na siku zao za kliniki, wanakuja miguu ikiwa imeshaharibika. Mzee akatafuta modemu, akatengeneza mashine ya kuwatumia ujumbe kila wiki. Ujumbe wa kwanza uliandikwa na ofisi, na ukisoma unadhani unaitwa mahakamani. Akaufuta, akaandika wa kwake: Shikamoo mama. Umeamkaje? Usisahau dawa yako, na chakula ule kwa wakati.

"Na wanajibu, ujue," akasema. "Nilikuwa nawasoma asubuhi na chai yangu. Wa hatari namwitia nesi. Kuna mmoja wa Mwika, kila wiki anamuuliza mwanae atakuja lini. Huyo alinishinda, ningemjibu nini mimi?"

Nikamuuliza sasa hivi nani anawasoma. Akachana kipande cha kalenda ya zamani, akaniandikia neno la siri.

Mwika ni kwetu. Hata hapo sikushtuka, maana Mwika ni kubwa na kina mama wenye sukari kama wangu ni wengi.

Asubuhi iliyofuata nikaifungua MAMA. Majibu ya miezi mitatu yalikuwa yamelala pale, hakuna aliyeyagusa. Hayakuwa na majina, ni namba za simu tu. Lakini namba ya mama yangu naijua kwa kichwa, na niliiona kabla sijaitafuta. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu kiswaswadu chake, simu ile ya vibonyezo, kilikataa kurudi kwenye herufi ndogo, na mimi ndiye niliyemwahidi nitakuja kukitengeneza.

NIMEAMKA SALAMA. DAWA NIMEKUNYWA. UNAKUJA LINI MWANANGU.

NG'OMBE AMEZAA DUME. UNAKUJA LINI MWANANGU.

HUKU BARIDI SANA. MGUU UNAUMA ILA SI SANA. UNAKUJA LINI MWANANGU.

Mara ya mwisho kwenda ilikuwa Krismasi, tulipopanda mlimani ukoo mzima. Sasa kahawa ilikuwa inachumwa, zaidi ya nusu mwaka umepita. Kila Jumapili nilimpigia dakika mbili, nikimwambia mama nipo bize na huu mradi, naye akiniambia wote hawajambo. Kumbe alidhani zile salamu za kila wiki ni zangu. Alikuwa anajivunia mtoto anayemwamkia na kumuuliza dawa, na mtoto mwenyewe alikuwa ameandika pembeni: izimwe. Nililia mle chumbani kama mjinga, feni za seva zinanguruma, hakuna aliyenisikia.

Nikarudi kwenye mpango. Mstari mwekundu nikaufanya wa kijani. Nikampelekea nesi wa kliniki yale majibu yote, tukakaa naye tukiyapitia, akiwapigia wenye vidonda mmoja mmoja. Nikaongeza mstari mpya chini kabisa: majibu yasomwe kila asubuhi, mhusika mimi. Jumamosi, mashine nyingine zilipokwisha kuhama, nikaizima MAMA kwa muda mfupi, nikaihamishia kwenye seva mpya, nikachomoa modemu nikaibeba kiganjani na plasta yake vilevile, nikaichomeka. Kujaribu, nikaiambia itume kwenye simu yangu. Ikalia mfukoni: Shikamoo mama. Umeamkaje?

Jumapili nikapanda Mwika. Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi, mguu mmoja ameuweka juu ya gunia. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kabla hata sijakaa: zile salamu za kila wiki si zangu, ni za mashine, na maneno aliyaandika mzee mmoja wa kazini.

Mama hakuacha kumenya.

"Nilijua si wewe," akasema. "Wewe husalimii, unaanza na nipo bize."

Nikamuuliza sasa mbona alikuwa anaandika mwanangu, mwanangu, kila wiki.

"Si zinatoka hospitali? Na wewe si uko hospitali?" Akaweka ndizi kwenye sufuria. "Nikasema anayesoma majibu yangu, siku moja atakuambia."

Nikavuta kigoda karibu naye, nikamwomba anionyeshe mguu.